Kwa Nini Kibaha na Kisarawe Huamka Saa Kumi?

Atakayelala Maili Moja, mjini Kibaha, usiku mmoja tu ataamka na swali hilo. Saa kumi alfajiri, jua likiwa bado lina saa mbili na ushei kabla ya kuchomoza, pikipiki zinaanza kunguruma vichochoroni, mageti yanafunguliwa, ndoo zinagongana mabafuni, na barabarani makonda wanaita "Mbezi, Mbezi" kwa watu ambao tayari wamevaa nguo za kazini. Kisarawe mjini, kando ya misitu ya Pugu na Kazimzumbwi, mambo ni yale yale, ila huko pamoja na abiria kuna mizigo: viroba vya mihogo, nazi, machungwa ya msimu, magunia ya mkaa. Watu wa huku wana nini hata waamke saa ambayo wenzao wa Sinza na Upanga, jijini Dar es Salaam, wako katikati ya usingizi?

Majibu yanayotolewa vibarazani ni matatu. Wa kwanza husema ni dini: Pwani ni ya Waislamu wengi, na adhana huwaamsha. Wa pili husema ni bidii, kwamba anayetafuta maisha hana muda wa kulala. Wa tatu husema ni joto, kwamba mtu wa Pwani humaliza kazi zake kabla jua halijawa kali. Kila jibu lina chembe ya ukweli, na yote tutayapima. Lakini sura hii inatetea jibu la nne: saa ya kuamka katika miji hii miwili hupangwa na Dar es Salaam. Aliyeshindwa kumudu kodi au kiwanja karibu na mjini huilipa tofauti hiyo kwa usingizi wake, na mzigo huo haugawanywi sawa hata ndani ya nyumba moja.

Tuanze na adhana, maana ndilo jibu linalosikika zaidi. Kutoka Kariakoo hadi Kibaha ni kama kilomita 40, na wakati wa swala ya alfajiri katika sehemu hizo mbili unapishana kwa dakika moja hivi. Kama adhana ndiyo inayowaamsha watu, basi Kariakoo na Kibaha zingeamka pamoja. Haziamki pamoja. Wa Kariakoo akishaswali anaweza kurudi kitandani akapata usingizi mtamu wa pili. Wa Kibaha, kwa sehemu kubwa ya mwaka, akisubiri adhana ndipo aamke, gari lake limeshaondoka. Na jirani yake Mkristo, ambaye adhana haimhusu, yuko naye kituoni saa ile ile.

Ardhi iliyo nafuu na saa zilizo ghali

Sensa inaonyesha vizuri kilichotokea. Mwaka 2012 Mkoa wa Pwani ulikuwa na watu 1,098,668. Mwaka 2022 walihesabiwa 2,024,947, ongezeko la asilimia 84 kwa miaka kumi. Katika kipindi hicho hicho Dar es Salaam ilitoka watu 4,364,541 hadi 5,383,728, ongezeko la asilimia 23. Si wote walioongezeka Pwani wanaofanya kazi Dar es Salaam. Wapo waliofuata viwanda vya Kibaha na Mkuranga, wapo waliofuata mashamba, na wapo waliozaliwa hapo hapo. Hata hivyo, mkoa unaolizunguka jiji haukui karibu mara nne ya kasi ya jiji lenyewe kwa kuzaa tu. Watu wamehama. Walipanga chumba na sebule Tabata au Kimara, wakadunduliza, wakanunua kiwanja mahali ambapo fedha yao ilitosha, wakajenga polepole, wakahamia kabla dari halijawekwa ili waepuke kodi. Kazi zao, lakini, hazikuhama nao. Zilibaki Posta, Kariakoo, Keko, Mwenge.

Wataalamu wa mipango huita sehemu kama hizi miji ya pembezoni, maana yake miji ambayo watu wake hulala huku na kufanya kazi kule. Kibaha ilikuwa na maisha yake kabla ya kuwa hivyo. Shirika la Elimu Kibaha lilitokana na kituo kilichoanzishwa mwaka 1963 kwa ushirikiano na nchi za Nordiki, na mwaka 1970 likawa mikononi mwa Tanzania likiwa na shule, huduma za afya za Tumbi na mafunzo ya kilimo. Kibaha ni makao makuu ya mkoa, na ina ofisi na hospitali ambazo watu wake huzifikia kwa miguu. Mwalimu wa Tumbi anayeishi Tumbi haamki saa kumi. Mtu huyu ni muhimu sana katika hoja yetu: ana hewa ile ile, joto lile lile, adhana ile ile na hata mshahara unaofanana na wa jirani yake anayefanya kazi Posta. Kinachowatenganisha ni kilomita 40, na kilomita hizo zinamwongezea mwenzake karibu saa mbili za giza.

Ili hesabu ionekane, tumchukue mfanyakazi wa ofisi anayeishi Pangani, kata ya Kibaha, na kazi yake iko Posta. Tumhesabie kurudi nyuma kutoka mezani kwake hadi kitandani:

- Saa 1:30 asubuhi awe kazini, kama saa za ofisi za umma zinavyotaka.
- Saa 1:10 awe ameshuka kwenye mwendokasi, basi la njia maalumu lililoanza kazi kati ya Kimara na Kivukoni Mei 2016.
- Saa 12:20 awe amepanda basi hilo Kimara, kwa hiyo saa 11:50 awe ameshaingia kwenye foleni ya abiria.
- Saa 11:00 daladala iwe imeondoka Maili Moja.
- Saa 10:35 awe nje ya nyumba, kwenye bodaboda.
- Saa 10:10 awe ameamka.

Hapo hakuna mvua, hakuna gari lililoharibika Kibamba, na hakuna mtoto aliyeamka na homa. Jioni anatoka kazini saa 9:30, anaingia nyumbani saa 12 au saa 1. Akila, akaoga, akasikiliza ya nyumbani, analala saa 4:30 usiku. Amebakiziwa pungufu ya saa sita, wakati mwili wa mtu mzima unahitaji saa saba au zaidi. Upungufu wa usiku mmoja haudhuru sana. Ukijirudia siku tano za juma, mwaka baada ya mwaka, unamtoa mtu afya, unamtoa subira na watoto wake, na unamfanya asinzie kwenye kiti cha daladala mdomo wazi, mkoba ameukumbatia kifuani. Ukitaka kuona kodi ambayo mtu huyu anailipa, mtazame pale Kiluvya saa kumi na moja na robo.

Kwa nini asitoke dakika ishirini baadaye? Kwa sababu foleni haiongezeki taratibu. Barabara ina kiasi cha magari inachoweza kubeba kwa saa. Kabla ya kiasi hicho kufikiwa, gari moja zaidi halimcheleweshi mtu. Kikishafikiwa, kila gari linaloingia linawachelewesha wote walio nyuma yake, na dakika ishirini za kitandani zinageuka saa nzima barabarani. Watu wanalijua hilo bila kufundishwa, kwa hiyo kila mmoja anajaribu kuiwahi foleni. Wanapokuwa wengi wanaoiwahi, foleni yenyewe inaanza mapema zaidi. Ndiyo maana barabara ya Kimara hadi Kibaha ilipopanuliwa kuwa ya njia nane, na daraja la juu la Kijazi pale Ubungo likafunguliwa Februari 2021, muda wa safari ulipungua bila usingizi kuongezeka kwa kiasi hicho hicho. Barabara nzuri iliwashawishi wengine kununua viwanja mbali zaidi, Visiga na Mlandizi.

*Kwa ufupi: saa ya kuamka Kibaha ni sehemu ya bei ya kiwanja. Haiandikwi kwenye mkataba wa mauziano, lakini hulipwa kila siku ya kazi.*

Aliyeamka kabla yako

Hadi hapa tumemfuata abiria, na abiria si wa kwanza kuamka. Abiria wa saa 11 anamhitaji dereva aliyeamka saa 9:30, na dereva huyo anaamka kwa sababu ya hesabu, yaani fedha maalumu ambayo lazima amkabidhi mwenye gari kila jioni, liwe limepata abiria au halikupata. Mafuta ni juu yake, na kinachobaki baada ya hesabu ndicho chake na konda wake. Safari mbili za kwanza, gari linapojaa bila kuitia watu, ndizo zinazolipa hesabu. Anayezikosa atafukuzana na njia hadi usiku.

Dereva na konda nao wanahitaji kitu cha moto tumboni kabla hawajapiga honi ya kwanza, na hapo tunamfikia mtu ambaye vitabu vya usafiri havimtaji kabisa: mama wa vitumbua. Tuitazame kazi yake kwa karibu. Mchele ameuloweka tangu jana mchana. Jioni ameusaga pamoja na tui la nazi, akatia sukari, iliki na hamira, akaufunika uumuke. Kikaango chake kina vishimo saba. Kila kishimo kinataka tone la mafuta, upawa mmoja wa rojo, kisha subira hadi kingo zikauke na katikati pabaki pameloa kidogo. Hapo kitumbua hugeuzwa kwa kijiti, kwa mzunguko mmoja mwepesi wa mkono, kisiraruke. Mkupuo mmoja wa vitumbua saba huchukua kama dakika tano. Akitaka vitumbua 75 viwe tayari madereva wanapokuja saa 10:30, anahitaji mikupuo 11, yaani karibu saa nzima mbele ya jiko. Toa dakika ishirini za kuwasha mkaa, toa robo saa ya kuamka na kunawa. Amesimama saa 9 usiku ili dereva ale, dereva aendeshe, na mfanyakazi wa ofisi afike Posta saa 1:10.

Na hajamaliza. Chai ya watu wake mwenyewe, maji ya kuoga ya watoto, kufagia uwanja, yote yanamsubiri, na katika nyumba nyingi za Kibaha na Kisarawe anayefanya hayo ni mwanamke hata kama naye ana ajira Dar es Salaam. Mume na mke wanaopanda gari moja saa 11 hawakuamka wakati mmoja. Hesabu niliyoiweka hapo juu, ya saa 10:10, ni hesabu ya mwanamume, au ya mwanamke anayeishi peke yake. Mama wa watoto wawili asogeze mstari wa mwisho wa orodha ile nyuma kwa dakika 40. Hili nalisisitiza kwa sababu mijadala ya usafiri katika nchi yetu huhesabu magari, kilomita na nauli, na kwa hesabu hiyo wawili hawa wanaonekana sawa.

Kisarawe: mzigo unaoteremka mlimani

Kisarawe inaongeza ushahidi wa aina nyingine. Tangu Wajerumani walipohamishia makao ya utawala wao Dar es Salaam mwaka 1891, nchi ya Wazaramo, Kisarawe ikiwamo, imeulisha mji huo. Reli ya Kati ilipoanza kujengwa mwaka 1905 ilipita Pugu, chini ya vilima, ikauacha mji wa Kisarawe juu. Hadi leo mwenye mzigo wa Kisarawe huanza kwa kuteremka: Pugu, Gongo la Mboto, kisha Buguruni au Kariakoo. Wa Maneromango au Mzenga ana safari nyingine ndefu kabla hajafika hapo mlimani.

Muhogo ukishang'olewa hauvumilii. Siku ya pili au ya tatu nyama yake nyeupe hupata mistari ya weusi wa bluu, na mnunuzi akiuvunja na kuiona anaurudisha. Kwa hiyo huvunwa mchana, hupakiwa jioni, husafiri usiku, na hushushwa sokoni kabla ya mapambazuko, saa ambayo mama lishe na wakaangaji wa mihogo wananunua. Hao nao wana watu wa kuwalisha saa 1 asubuhi. Wakishaondoka, bei inashuka. Mkulima anayefika saa 2 humwachia mzigo dalali, yaani mtu anayemuuzia kwa kamisheni, na hana nguvu ya kubishana naye kwa sababu hawezi kurudi na muhogo unaoelekea kuoza. Saa ya kufika ndiyo bei. Mwenye mkaa kwenye baiskeli hana tatizo la kuoza, ila anauchukua usiku kwa sababu mteremko wa Pugu ukiwa na malori ni hatari kwa mtu mwenye magunia mawili nyuma na breki zilizochoka.

Kisarawe pia ina mfano unaotia moyo, nao unahusu maji. Kwa miaka mingi mji huo ulikaa kilimani na kiu, huku maji ya Mto Ruvu yakipita mbali kidogo kuelekea Dar es Salaam. Juni 2020 ulizinduliwa mradi wa kuyafikisha kutoka Kibamba hadi Kisarawe. Maji yanapokuwa mbali, foleni ya ndoo huanza usiku, kwa sababu aliyetangulia hujaza na aliyechelewa hungoja presha irudi. Bomba likikaribia nyumba, saa ile hurudi kwa mwenyewe, na mara nyingi mwenyewe ni mama au binti wa shule. Tabia ya watu haikubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni umbali wa bomba.

*Kwa ufupi: kila anayeamka mapema anamtegemea mwingine aliyeamka kabla yake, na aliye mwanzo wa mnyororo huo ndiye mwenye kipato kidogo kuliko wote.*

Pingamizi

Hoja ya joto inastahili jibu la haki, kwa sababu duniani ipo miji inayoamka mapema kwa ajili ya hewa. Hanoi, mji mkuu wa Vietnam, ni mfano mzuri. Mwezi Juni jua huchomoza huko saa 11 na robo alfajiri, na mapema hivyo wazee wamekwishajaa kando ya Ziwa Hoan Kiem wakinyoosha viungo, wengine wakicheza muziki, kabla joto halijapanda. Baada ya hapo hunywa supu ya tambi iitwayo phở na kurudi nyumbani. Lakini mji huo huo una soko la jumla la Long Bien, ambako usiku kucha watu hushusha matunda na samaki kutoka mikoani. Hanoi ina alfajiri mbili. Anayezunguka ziwa ameamka kwa ajili ya mwili wake. Anayesukuma mkokoteni Long Bien ameamka kwa ajili ya mji. Tukitaka kujua ya Kibaha ni ipi, tutazame Jumapili. Joto la Jumapili ni lile lile la Jumatatu, na Maili Moja ya Jumapili saa kumi ina utulivu ambao Jumatatu huwezi kuuota.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: walichagua wenyewe. Hakuna aliyelazimishwa kununua kiwanja Pangani. Ni kweli, na uamuzi wao una busara. Nyumba yako mwenyewe, uwanja wa kuku, mwembe, usalama wa kutofukuzwa na mwenye nyumba, hayo ni mambo makubwa, na wengi wakiulizwa watasema wangechagua tena vile vile. Lakini aliyechagua alichagua kati ya vilivyokuwepo mezani, na vilivyokuwepo vilitengenezwa na maamuzi ya watu wengine: wapi ofisi zikae, viwanja vipimwe wapi, gari la kwanza liondoke saa ngapi. Mfano ni mabasi ya mikoani. Tangu miaka ya 1990 yalizuiwa kusafiri usiku kwa ajili ya ajali, kwa hiyo mamia ya mabasi yaliondoka Dar es Salaam kwa pamoja alfajiri, na abiria wa kila kona ya jiji wakaamka saa 9 kuyawahi. Mwaka 2023 safari za usiku ziliruhusiwa tena, na abiria wengi wakaanza kuchagua saa nyingine. Wale waliokuwa wakiamka saa 9 kwa miaka yote hiyo hawakuwa na bidii kuliko wa leo. Kanuni ndiyo iliyowaamsha.

Wa tatu watasema reli itamaliza yote. Treni ya umeme ya reli ya kisasa, SGR, ilianza safari za Morogoro Juni 2024 na za Dodoma mwezi uliofuata, na njia yake ina vituo vya Pugu na Soga, hicho cha pili kikiwa Wilaya ya Kibaha. Matumaini hayo yana msingi. Oktoba 2012 treni ya mjini iliyopewa jina la utani la Mwakyembe, kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo, ilionyesha kwamba reli ya zamani inaweza kubeba wafanyakazi wa Ubungo, na baadaye wa Pugu. Tatizo ni kwamba treni ya masafa marefu hupangiwa ratiba kwa ajili ya aendaye Dodoma. Haisimami kila kilomita chache, na wala haizunguki mitaani kumkusanya mtu. Soga ni mbali na Maili Moja, na Kisarawe bado lazima iteremke Pugu. Reli itakayorudisha usingizi ni ile itakayopangwa kwa kumfikiria anayefanya kazi Posta na kulala Kibaha.

Watoto kwenye mzunguko

Wapo wasiochagua kiwanja wala kazi, nao ni watoto. Katika shule nyingi za msingi mwanafunzi hutakiwa kufika kabla ya masomo ili afagie na kumwagilia maua. Kwa anayeishi jirani hilo si tatizo. Anayepanda daladala analipa nauli pungufu ya mwanafunzi, na konda anayeifikiria hesabu ya jioni anaona kiti kimekaliwa kwa fedha kidogo, kwa hiyo anamwacha kituoni. Mtoto hujifunza haraka kwamba gari pekee litakalomchukua ni lile la mapema mno, ambalo halijapata watu wazima wa kutosha.

Anayepelekwa na gari la shule ana shida nyingine. Gari ni moja na nyumba ni nyingi. Wa kwanza huchukuliwa saa 11 alfajiri, anazungushwa Kibaha nzima, na anafika shuleni pamoja na aliyechukuliwa saa 12:30 karibu na geti. Wazazi wa wote wawili wamelipa ada ya usafiri, wakati mwingine wa mbali amelipa zaidi. Hapa dawa haihitaji daraja wala mkopo wa nje. Shule inaweza kuugeuza mzunguko kila muhula, ili wa kwanza kuchukuliwa awe wa mwisho muhula ujao. Inaweza kugawa njia mbili na kutumia magari mawili madogo badala ya basi moja kubwa, au kuanza kipindi cha kwanza nusu saa baadaye. Mzazi anayekwenda kwenye kikao cha shule ana haki ya kuuliza mtoto wa kwanza anachukuliwa saa ngapi, na kutaka jibu liwekwe kwenye ubao wa matangazo pamoja na ada.